Developa wa Funzi naye ana tajiri wake

Mvuvi wa Funzi akikwambia "yule ni tajiri wangu", usidhani anasifu mali ya mtu. Anamtaja aliyemnunulia nyavu au mashine ya boti, anayemkopesha pesa ya unga wakati wa kusi bahari ikiwa haiendeki, na ambaye kwa sababu hiyo ndiye anayenunua samaki wake wote. Bei hupangwa na tajiri. Mzani ni wa tajiri. Daftari la madeni liko kwa tajiri. Mvuvi ana jasho lake na bahari, basi.

Nimeanza na samaki lakini habari ya leo ni apu. Kila mara vijana wa Kwale wanapoambiwa "jifunzeni kompyuta, tengenezeni apu, mjiajiri", mimi husikia tunahamishwa kutoka kwa tajiri mmoja kwenda kwa mwingine. Tofauti ni kwamba huyu wa pili hakai Bodo wala Msambweni, na hana mlango wa kubisha.

Na tunaambiwa hivyo sana siku hizi. Base Titanium ilimaliza kuchimba madini hapa Kwale Desemba 2024, na zile kazi ambazo wazazi wa Msambweni walikuwa wakiwaombea watoto wao zikaisha nayo. Hoteli za Diani zina msimu wake. Kwa hivyo mwanasiasa akishika kipaza sauti, ahadi iliyobaki mdomoni ni "ajira za kidijitali". Sipingi. Mimi mwenyewe niliacha chuo mwaka wa pili na mtandao ndio unaonilisha. Lakini kama ni biashara tunaambiwa, basi tuifanyie hesabu kama biashara.

Kwa wasiopajua, Funzi ni kisiwa kidogo kusini mwa Msambweni. Unafika Bodo, unapanda boti, unakatiza mikoko, umefika. Daraja hakuna. Watalii huletwa kutoka Diani kuangalia pomboo na mamba wa Mto Ramisi, wanakula kamba na kaa, jioni wanarudishwa hotelini. Wenyeji wengi wanaishi kwa uvuvi.

Sasa tuseme uko hapo. Una laptopu ya mtumba, umejifunza Flutter kwenye YouTube usiku, na apu yako iko tayari. Kufungua akaunti ya developa kwenye Google Play ni dola 25, unalipa mara moja tu. Dola ikiwa karibu Sh129, hiyo ni kama Sh3,200. Apple wanataka dola 99 kila mwaka, karibu Sh12,800, lakini hao tuwaache kando. Simu utakazoziona kwenye boti ya Bodo ni Tecno, Itel, Infinix na Samsung.

Sh3,200 zinauma lakini sizo zinazokwamisha. Akaunti za watu binafsi zilizofunguliwa baada ya Novemba 13, 2023 haziruhusiwi kuweka apu hadharani moja kwa moja. Lazima kwanza utafute watu wa kuijaribu, na wakae kwenye jaribio hilo siku 14 mfululizo. Mwanzoni walitakiwa watu 20, kisha Desemba 2024 Google ikashusha hadi 12. Ukiwa Nairobi kumi na wawili ni meza mbili za kahawani. Ukiwa kisiwani, hebu tafuta watu 12 wenye simu ya Android, wanaokumbuka nenosiri la akaunti yao ya Google, wenye nafasi kwenye simu iliyojaa video za WhatsApp, na ambao hawatajitoa siku ya tisa kwa sababu apu yako "inakula bando". Matokeo yake ni kwamba madevelopa wengi huenda mtandaoni kubadilishana: wewe jaribu yangu, mimi nijaribu yako. Apu ya mvuvi wa Kipwani inajaribiwa na mtu wa bara jingine asiyejua hata neno "tafi". Sharti limetimizwa, lakini apu haijajaribiwa.

Ukisema ufungue akaunti ya kampuni ili ukwepe jaribio hilo, utaombwa nambari ya D-U-N-S, ambayo hutolewa na kampuni ya Marekani, Dun & Bradstreet. Na ukiuza kitu kupitia akaunti ya kibinafsi, Google huonyesha anwani yako kamili kwa dunia nzima. Anwani kamili, Funzi! Huku nyumba hutambulika kwa jina la mwenyewe na mwembe ulio jirani.

Nisiwe mnafiki, milango hii haikuwekwa bure. Wakenya tumenyanyaswa na apu za mikopo zilizokuwa zikipigia simu mashemeji na wakubwa wa kazi kudai Sh1,500, hadi Benki Kuu ikaleta kanuni za wakopeshaji wa kidijitali 2022 na Google nayo ikaanza kudai leseni. Duka lisilo na mlinzi ni balaa. Shida yangu ni kwamba mlinzi anamkagua sana mwenye kikapu, na mwenye lori anapita.

Haya, umepita. Sasa pesa. Tangu Julai 2021 Google huchukua asilimia 15 ya dola milioni moja za kwanza unazoingiza kwa mwaka, zikizidi hapo ni asilimia 30. Asilimia 15 si mbaya, kuna matajiri wa samaki wangecheka. Lakini fanya hesabu. Ukitoza Sh100 kwa mwezi unabaki na Sh85. Ukitaka Sh30,000 kwa mwezi, na hiyo ni pesa ya kuishi tu, si ya kujenga, unahitaji watu 353 wanaolipa kila mwezi bila kukosa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 866,820 Kwale nzima, kwa hivyo 353 wanaonekana wachache. Ila kila mmoja wao anapaswa kuamua kwamba apu yako ni bora kuliko bando la Sh100. Na wewe mwenyewe, msomaji, mara ya mwisho kulipia apu ilikuwa lini?

Ukiamua kuwa apu ni ya bure na utakula matangazo, AdMob haikulipi mpaka ufikishe dola 100, karibu Sh12,900. Watumiaji mia mbili wa kisiwa kimoja wanaweza kuchukua muda mrefu sana kukufikishia hapo. Pesa ni yako, lakini haijafika mkononi. Mvuvi yeyote anaielewa lugha hiyo.

Mlango mmoja tu ndio uliofunguka kweli, na jina lake linachekesha kwa watu wa kisiwani. M-Pesa ilianza Machi 2007, lakini kwa miaka mingi developa mdogo hakuwa na njia rahisi ya kuiunganisha na apu yake, ilibidi apitie kwa mtu wa kati. Mwaka 2017 Safaricom ikatoa mfumo unaoitwa Daraja, na ghafla kijana mwenye laptopu anaweza kufanya simu ya mteja iulize PIN, pesa iingie kwenye till, na apu ijue imelipwa. Kwa hivyo Funzi ina daraja moja, nalo ni hilo.

Na hapa kuna kanuni ambayo watu wengi hawaisomi. Google inadai fungu lake kwa bidhaa za kidijitali zinazouzwa ndani ya apu: michezo, filamu, usajili wa huduma. Bidhaa za kushikika na huduma za nje, kama kilo ya pweza, safari ya boti au chumba cha kulala, hazimo. Hizo unalipisha kwa M-Pesa na Google haina lake. Developa wa Pwani anayejua hilo hana haja ya kuiga michezo ya watoto wa San Francisco. Auze kilichoko.

Sawa, kilichoko ni samaki. Wazo ambalo kila mtu huja nalo, kuanzia wanafunzi wa mashindano ya ubunifu hadi wafadhili, ni apu ya bei. Mvuvi aone bei ya Msambweni, ya Ukunda na ya Kongowea, achague pa kuuza, dalali aachwe ufukoni. Wazo hili lina babu yake. Mwaka 2007 mwanauchumi Robert Jensen alichapisha utafiti kuhusu wavuvi wa dagaa wa Kerala, India, jinsi simu za mkononi zilivyowafikia kati ya 1997 na 2001. Wakiwa bado baharini, wavuvi walipiga simu masoko kadhaa ya ufuoni na kwenda penye bei. Faida yao ilipanda kwa wastani wa asilimia 8, bei kwa mlaji ikashuka asilimia 4, na samaki wa kutupwa kwa kukosa mnunuzi wakakaribia kuisha. Nadhani hakuna utafiti uliozaa apu nyingi za wavuvi kama ule.

Lakini ya Kerala yalihitaji jambo moja ambalo Funzi ni adimu: mvuvi aliye huru kuuza popote. Utafiti uliotoka 2010 kuhusu wanunuzi wa samaki katika pwani ya Kenya na Zanzibar ulieleza wazi kwamba kinachomfunga mvuvi kwa mnunuzi ni mkopo, wa vyombo na wa siku za njaa. Na watafiti wengine waliochungulia huko Kerala kwenyewe walikuta madeni ya madalali yana uzito kuliko simu. Kwa hivyo mvuvi wa Funzi ukimwonyesha kwenye skrini kwamba changu ni ghali zaidi Ukunda, atakushukuru, kisha atampelekea samaki tajiri wake kama jana. Hakukosa habari. Alichokosa ni uhuru, na hata barafu ya kumfikishia samaki huko akiwa bado mzima. Apu haigandishi barafu.

Ndiyo maana apu hizi hufa. Zinazinduliwa kwa fulana na keki, gavana anakata utepe, mfadhili anapiga picha, na mwaka unaofuata hakuna wa kulipia seva. Sitaji majina kwa sababu orodha ni ndefu na wengine ni marafiki.

Basi nani Funzi angelipia apu kutoka mfukoni, bila mfadhili? Nimewauliza wenzangu swali hili na hawapendi jibu langu. Anayeweza kulipa ni tajiri.

Fikiria. Ana boti kumi au ishirini zinazomdai na anazozidai. Kila siku anapima, anakata deni, anatoa mkopo mpya, anawapa mama karanga samaki wadogo wa kukaanga kwa malipo ya jioni, na kila kitu kiko kwenye daftari la kurasa 200 ambalo likilowa maji amekwisha. Huyu ana hasara halisi anayoijua kwa shilingi. Ukimletea apu ya Sh1,000 kwa mwezi inayoweka hesabu hiyo na kutuma risiti kwa ujumbe mfupi, atakusikiliza. Matajiri thelathini kutoka Gazi hadi Vanga ni Sh30,000, ile ile uliyokuwa ukiitafuta kwa watu 353. Na kwa kuwa unamlipisha nje ya duka, kwa ankara na till yako, Google haina lake.

Sasa angalia umefanya nini. Umetoka nyumbani na ndoto ya kumwondoa tajiri ufukoni, umeishia kumuuzia panga lenye makali zaidi. Daftari lake la zamani lilikuwa na huruma ya kusahau. Apu haisahau. Inajua mvuvi yupi amechelewa, yupi ameuza pembeni usiku, yupi ni wa kunyimwa mkopo kusi ikianza.

Hapa ndipo developa wa kujitegemea ana nguvu ambayo yeye mwenyewe haijui, kwa sababu ni yeye anayeandika apu inafanya nini. Ile risiti inayotumwa: je, inaenda kwa tajiri peke yake au kwa mvuvi pia? Ikiwa kila mvuvi anapata ujumbe jioni unaosema leo umeleta kilo 14, bei ni hii, deni limebaki kiasi hiki, basi kwa mara ya kwanza daftari lina nakala mbili. Miezi sita ya nakala hiyo ni rekodi ambayo sacco inaweza kuisoma, na mvuvi anayekopesheka kwingine si mateka tena. Mfano upo karibu. Abalobi, apu iliyoanzia Cape Town kwa watafiti na wavuvi wadogo wa Afrika Kusini (jina lenyewe ni la Kixhosa, maana yake wavuvi), iliingia kwa mlango huo wa kumwezesha mvuvi kuweka rekodi zake mwenyewe, kisha ikaunganisha samaki wake na mikahawa. Rekodi ilitangulia, soko likafuata.

Je, tajiri atakubali ujumbe wa pili? Wengine watakataa. Wengine watakubali kwa sababu ugomvi wa "nilikuwa nadaiwa ngapi" unawachosha hata wao. Mimi ningeuza kwa waliokubali na kuwaacha waliokataa, lakini nasema hivyo nikiwa sina kodi ya nyumba ya kulipa kwa pesa za apu hiyo. Mwenye njaa ataiondoa risiti ya mvuvi siku ya kwanza mteja akikunja uso. Namwelewa.

Jambo la sheria hapo: jina, namba ya simu na deni la mtu ni data zake binafsi chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Biashara yenye mapato yasiyofika Sh5 milioni kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10 kwa kawaida haihitaji kujisajili kwa Kamishna wa Data, isipokuwa katika sekta fulani zilizotajwa, lakini kutosajiliwa si ruhusa ya kuuza namba za wavuvi kwa kampuni ya mikopo. Faini inaweza kufika Sh5 milioni au asilimia moja ya mapato ya mwaka, ile iliyo ndogo.

Upande wa utalii ni hadithi ile ile, nitaipitia haraka. Mtalii wa safari ya Funzi hukatiwa tiketi Diani, hotelini au ufukweni, au kwenye tovuti za kimataifa kabla hajapanda ndege. Nahodha wa Funzi humwona kwa mara ya kwanza akipanda boti. Anayemshika mteja ndiye anayepanga bei. Apu ya kukodi boti inawezekana kabisa, inalipisha kwa M-Pesa bila kumgawia Google, lakini mtu wa kumletea mtalii kwenye apu hiyo bado ni yule yule wa Diani. Labda manahodha wakiungana wawe na ukurasa mmoja na namba moja. Kuungana kwa manahodha si kazi ya programu, muulize yeyote aliyewahi kuwa mweka hazina wa kikundi.

Kuna jambo linalokuja na halizungumzwi huku kabisa. Ukweli ni kwamba apu nyingi za mtaani hazipitii Play Store. Zinatumwa. Faili ya APK inaruka kutoka simu hadi simu kwa WhatsApp, kwa Bluetooth, kwa Xender, na mama karanga anaifungua bila hata kujua akaunti ya Google ni nini. Kwa developa asiye na watu 12 wa kujaribu, hiyo ndiyo njia. Agosti 2025 Google ilitangaza kwamba itaifunga kwa kufuli: simu za Android zilizoidhinishwa nayo zitakubali apu za madevelopa waliojitambulisha kwake tu, hata kama apu haiko dukani. Ratiba iliyotolewa inaanza Septemba 2026 kwa Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, kisha nchi nyingine kuanzia 2027. Kelele zilipozidi, Novemba 2025 ikalegeza kidogo: kutakuwa na akaunti ndogo ya wanafunzi na wanaojifunza, isiyo na masharti yote, ila apu zao zitaingia kwenye simu chache tu. Na kutakuwa na njia ya watu wenye uzoefu kukubali hatari wenyewe.

Watu wenye uzoefu. Mama karanga wa Bodo hayumo kwenye hesabu hiyo. Nia iliyotajwa ni kuzuia matapeli, na matapeli wapo, sikatai. Lakini maana yake kwetu ni kwamba ile njia ya panya ya kufikisha apu kwa jirani itapitia kituo cha ukaguzi cha kampuni moja. Marekani wenzetu walipigana mahakamani: Epic Games iliishtaki Google Agosti 2020, na Desemba 2023 baraza la mahakama likaamua kwamba Google imehodhi soko la apu isivyo halali. Epic ina mawakili wa kutosha kujaza feri ya Likoni. Developa wa Funzi ana nani?

Hilo la "ana nani" si swali la mzaha Kenya hii. Mei 30, 2025 Rose Njeri, developa wa Nairobi, alikamatwa kwa sababu ya kutengeneza ukurasa uliomwezesha Mkenya kubofya mara moja na kutuma barua pepe bungeni ya kupinga Mswada wa Fedha wa 2025. Hicho tu. Alilala korokoroni hadi Juni 3 alipoachiliwa kwa bondi, akishtakiwa kwa kuingilia mfumo wa kompyuta chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018. Juni 20 mahakama ya Milimani ikakataa mashtaka hayo kwa kuwa hayakuonyesha kosa lolote. Alishinda, na alistahili. Lakini alikuwa Nairobi, mawakili wakubwa walijitokeza, na Wakenya walimpigia kelele mtandaoni kwa siku nne mfululizo. Fikiria mtu wa kisiwani ameunda apu ya kuuliza pesa za bandari ya samaki zimeenda wapi. Anayefanya kazi peke yake hana idara ya sheria. Ana mamake.

Kwa hivyo kama ungekuwa Funzi leo na unataka kuanza, mimi ningekuambia uache apu kwanza, ujenge tovuti. Nasema kweli. Tovuti ya siku hizi inawekwa kwenye skrini ya simu kama apu, inahifadhi data hata mtandao ukikatika katikati ya mikoko na kuituma ukirudi, na haimwombi mtu ruhusa: haina dola 25, haina watu 12, haina kufuli la 2027. Upungufu upo. Watu wamezoea kuuliza "iko Play Store?" kama vile wanauliza kama una kitambulisho. Na wavuvi wengi wanaenda baharini na kabambe, si simu ya maana, kwa sababu chaji inakaa na ikianguka majini hulii. Hao utawafikia kwa ujumbe mfupi au USSD, na hizo zina gharama kwa kila ujumbe, kupitia makampuni kama Africa's Talking. Iweke gharama hiyo kwenye bei tangu siku ya kwanza, usijifanye mfadhili.

Jisajili na KRA mapema pia, hata kama unamchukia. Tangu Januari 2024 biashara haiwezi kuondoa gharama kwenye hesabu ya ushuru wake bila ankara ya eTIMS. Maana yake hoteli ya Diani itakupenda, itasifu kazi yako, kisha itamlipa mtu mwingine mwenye ankara. Nimeona kazi nzuri zikipotea hivyo.

Na serikali ya kaunti? Sheria inatenga asilimia 30 ya zabuni za umma kwa vijana, wanawake na walemavu. Kaunti ya Kwale inahitaji takwimu za samaki kutoka kila BMU, na takwimu hizo mara nyingi huanza kwa kalamu na karatasi ufukoni. Hiyo ni kazi ya developa wa hapa hapa, ndogo, ya kulipwa kila mwezi, si mradi wa mamilioni wa kukatiwa utepe. Lakini kaunti za Kenya hulipa madeni yake kwa mwendo wa kobe, na developa aliyesubiri malipo ya zabuni mwaka mzima ataenda kukopa. Kwa nani? Pale ufukoni mkopeshaji anajulikana.

Wenzangu wa Mombasa wana angalau Swahilipot Hub pale karibu na Fort Jesus, wanakutana, wanaazimana laptopu, wanaambiana mteja gani halipi. Kutoka Funzi hadi hapo ni boti, bodaboda, matatu na feri, kwenda tu. Kama kuna pesa yoyote ya vijana Kwale isiyojua pa kwenda, chumba kimoja Msambweni chenye umeme, mtandao na meza kumi na mbili kingefaa kuliko semina nyingine ya siku tatu hotelini. Meza kumi na mbili nimezitaja makusudi. Ndio wajaribu wako wa Google hao, wamekaa mbele yako, na wanajua tafi ni nini.